Hodi, Mtaa wa Sikukuu

Umeme umerudi saa tatu na robo usiku.
Feni imekohoa, jenereta la jirani limenyamazishwa,
na seva yetu, chini ya meza ya Bwana Machumu,
imeamka kama mtu aliyekurupushwa usingizini:
haimjui mtu.

Simu ya kwanza ni Siwema, duka la dawa, tawi la Tegeta.
"Dada Nyamizi, inanikatalia."
Inakukatalia, au inanyamaza?
"Kwani kuna tofauti?"

Ipo.
Anayekukatalia yupo nyumbani.
Umebisha hodi, kajibu ndani: hapana,
na jibu limefika kabla mkono haujashuka.
Anayenyamaza hujui kasafiri, kafa,
au kuna ukuta katikati
unaomeza hodi zako moja moja
na kukuacha unahesabu sekunde hadi sitini,
halafu maandishi mekundu.

"Basi inanyamaza. Na kuna mama hapa
anasubiri insulini ya mwanawe.
Friji hili hapa, dawa naiona kwa macho,
mashine ndiyo haijaniruhusu kuitoa."

Nikaanza na ukuta wa moto,
nao ulikuwa umerudia sheria zake za zamani, kiroho safi.
Nikafungua mlango mmoja, namba 5432.
Mwingine sikuugusa.
Jaribu.
"Imekataa! Papo hapo!"
Hongera, Siwema, tumekataliwa.
Nikacheka peke yangu, ghorofa ya tatu,
Kariakoo yote imeshashusha mageti.

Mstari kwa mstari nikasoma mipangilio,
jicho moja kwenye kioo, jingine kwa mbu.
Kumbe ilikuwa inajisikiliza yenyewe tu,
kama mtu anayehutubia bafuni.
Nikaiambia: na wa nje nao wasikilize.
Nikaizima, nikaiwasha, nikashika roho.

"Sasa inasema anwani yangu haimo."
Haimo, kweli. Umeme uliporudi
watu wa intaneti wamekupa namba mpya,
na daftari la wageni lina ile ya jana.
Nikaiandika mpya, hiyo moja tu.
Anayeandika "yeyote, kutoka popote"
ameng'oa mlango akauita ukarimu.

"Nenosiri si sahihi."
Siwema, pale katikati ni sifuri, siyo o.
"Aliyeandika hiki kikaratasi ana mwandiko wa daktari."
Hakuwa daktari. Rudia.

Kimya.
Kisha kwenye simu nikasikia printa ikitafuna karatasi,
sauti ya mama ikiuliza bei,
friji likifunguliwa, likifungwa.
Siwema hakuaga. Alikuwa na kazi.

Ningeondoka hapo.
Ila daftari lilikuwa bado wazi,
na chini kabisa, baada ya matawi yote,
kulikuwa na anwani moja isiyo ya tawi,
na juu yake maelezo, ya mwenye mwandiko uleule:

# nyumbani kwangu Mburahati. usiku, mtoto akiumwa.

Kyaruzi.
Aliyeijenga seva hii kwa vipuri vya mashine tatu.
Tulimzika mwaka juzi, mvua ikinyesha, Bwana Machumu kashika mwavuli wa kampuni.
Sikuwahi kujua kuwa alikuwa anafanya kazi hivyo,
mkono mmoja kwenye kibodi, mwingine kwenye paji la uso wa mtoto,
akiingia huku kwetu kwa mbali
ili asubuhi tukute hesabu zimekaa sawa
tuseme, mashine leo imetulia.

Kanuni naijua, huwa nawafundisha vijana:
mlango usio na mwenyewe ni wa mwizi. Futa.
Nikaweka kidole kwenye kitufe.
Nikakiondoa.

Nikaweka alama ya reli mwanzo wa mstari, moja tu.
Kuanzia hapo seva itaupita bila kuusoma;
hodi ya Mburahati haitafunguliwa tena na mashine.

Nikahifadhi. Nikaandika tarehe.
Saa nne na dakika kumi, simu tena: Mbagala.

Inakukatalia, au inanyamaza?